Nilimgeuzia Marehemu Simu

Mimi ni mama wa kanisa, sinywi, wala sina kipaji cha kutunga. Haya niliyaona mchana, kwa macho yangu haya, nyumbani kwa dada yangu huku Kalama. Ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize, ndipo tuendelee.

Dada yangu, Mama Mwende, alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwende, anayefanya kazi za nyumba Uarabuni. Mtandao ndio uliowaweka pamoja. Kila jioni dada akichambua ndengu, simu ameiegemeza kwenye sufuria, wanapiga umbea mpaka bando linaisha. Nilikuwa nawaonea wivu, kwa kweli. Nani angeniambia mtandao una ubaya?

Dada alipofariki, mwajiri wa Mwende alikataa kumwachilia aje. Tukakubaliana nitamwonyesha mazishi kwa simu, kama wengi wanavyofanya siku hizi. Watu walipopanga foleni kumtazama marehemu kwa mara ya mwisho, nikashika simu juu ya kioo cha jeneza. Kilio cha Mwende kilinikata maini.

"Anti, mimi namwona, lakini yeye hanioni," akasema. "Nigeuzie simu anione. Tafadhali, Anti."

Wewe ungefanya nini? Nikaigeuza, nikawasha kamera ya mbele. Nikausogeza uso wa Mwende kwenye kioo, karibu kabisa na uso wa mama yake, ili amuage. Mara kilio kikakatika.

"Anti, mbona mnazika mtu ako na macho wazi?"

Nikatazama ndani ya jeneza. Dada alikuwa amefumba macho. Nikainama kuchungulia simu, kile kidirisha kidogo cha pembeni kinachomwonyesha aliye upande wako. Humo, niamini, dada alikuwa amefumbua macho. Alikuwa akimtazama mwanawe na kutabasamu.

Nilipiga yowe, simu ikaniponyoka. Watu wakadhani ni uchungu, wakanishika mabega, wakaniambia nijipe moyo. Tukazika.

Siku chache baadaye Mwende akanipigia, sauti changamfu kama ya mtu aliyetoka harusini. "Anti, Mama amenipigia! Anasema huko hakuna baridi."

Simu ya dada ilikuwa kabatini kwangu, imezimwa, laini nimeitoa mwenyewe. Nilimweleza hivyo, akacheka. Nikamuuliza atarudi lini nyumbani.

"Nirudi kufanya nini, na Mama ako huku?"

Mara ya mwisho kumwona kwa video alikuwa amekonda, mashavu yamebonyea. Nikamuuliza kama anakula, akasema hana nafasi, wanaongea. Ndipo nikaona mtu ameketi nyuma yake, kwenye jiko la hao matajiri, amevaa lile gauni la samawati nililomvisha dada kwa mikono yangu mochari. Akainua uso. Akaniambia kwa Kikamba, kwa ile sauti aliyonifokea nayo tukiwa wadogo nikigusa vitu vyake, nimwachie mtoto wake. Simu ikakatika.

Wakala aliyempeleka Mwende anasema yuko salama, kazi anafanya. Pasta anasema tuombe, na ninaomba. Lakini naogopa. Yule ndiye mtoto pekee katika mji ule wa dada, na ni mimi niliyemkabidhi kwa marehemu.

Kwa hiyo nisikilize, wewe uliye na mtu wako mbali. Mwonyeshe maua, mwonyeshe kaburi na watu wanaoimba, asante kwa mtandao. Akikuomba umgeuzie marehemu simu ili amwone, kataa. Alie, akutukane, akuchukie mwaka mzima, wewe kataa tu.

Nampigia asubuhi, nampigia mchana. Ingekuwa imezimwa ningejua la kufanya, lakini kila nikipiga naambiwa yuko kwenye simu nyingine. Nimempigia tena sasa hivi, kabla sijakueleza haya, na bado anaongea.