Mgeni Asiyembeba Mtoto

Mwanamke anayezitembelea familia za kilima chetu kufundisha malezi hambebi mtoto wa mtu. Hukaa mkekani, viganja wazi magotini, na kila mpira wa majani ya migomba anaoufunga humkabidhi mzazi, ili mtoto aupokee kwa mzazi wake. Jana, tulipokuwa kwa jirani yangu Gasigwa, bintiye Keza aliangusha kibuyu, na maziwa, ambayo kwetu kuyakanyaga ni mwiko, yakatapakaa sakafuni. Gasigwa akanyakua fimbo. Keza akajibanza nyuma ya mgeni, naye mgeni akavifumba viganja vyake asimguse.

“Bibi, mtoe hapo! Tangu uanze kuja, kadeka huyu!”

“Mimi napita tu, Baba Keza,” alijibu kwa upole, macho yake mkekani. “Wa kukaa naye ni wewe. Hebu mwambie, fimbo hiyo ni ya nani?”

Gasigwa alihema. Nami nikamwomba Mola kimoyomoyo.

“Ya ng'ombe,” alisema hatimaye, akaiegemeza ukutani. “Njoo, mama. Pitia kando.”

Keza akayazunguka maziwa taratibu, akaenda kwa baba yake. Ndipo mgeni alipovifumbua viganja, nikaona kucha zilivyovichimba.