Gongo Lililotundikwa Ukutani

Kaleli alibadilishwa nyonga ya kulia, ya mguu wa breki, na wiki ya nne baada ya upasuaji akasimama kanisani Kiganjo akadanganya. Tuanzie hapo, maana hata yeye mwenyewe akifungua macho asubuhi huanzia hapo.

Nelima, daktari wake wa mazoezi kule Ruiru, alikuwa amemweleza vizuri. Asiguse usukani kabla ya wiki sita. Zikiisha, aketi garini injini ikiwa imezimwa, akanyage breki ghafla na kwa nguvu. Mguu ukisita, au nyonga ikiuma, angoje tena. Kaleli akaitikia ndiyo, ndiyo. Lakini mwanamume aliyeendesha teksi Thika miaka ishirini na sita, apelekwe hata kwa kinyozi? Ng'o.

Basi ikafika Jumapili ya ushuhuda, na joto la nyimbo likampanda. Akaacha gongo lake la kutembelea kwenye benchi, akatembea hatua tisa hadi mbele huku jasho la maumivu likimtoka, akasema Bwana amemponya na daktari amemruhusu kuendesha. La kwanza aliliamini nusu. La pili alijua ni uongo. Watu wakashangilia, na pasta akalitundika lile gongo kwenye msumari ukutani, nyuma ya madhabahu, liwe ushahidi. Haya, sasa mtu aliyetundikiwa gongo ataanzaje kusema Jumatatu kwamba hawezi kuendesha?

Na Jumatatu hiyohiyo Benta, jirani yake fundi wa cherehani, akamwomba ampeleke Ruiru kuchukua vitambaa. Hawakufika hata barabara kuu. Tuktuk ilisimama ghafla mbele yao, Kaleli akauambia mguu uende, mguu ukafikiria kwanza. Wakaigonga kwa nyuma. Mwenye tuktuk hakuumia. Benta alinyoosha mkono wa kulia kujikinga, ukavunjika kwenye kifundo.

Watu wa kanisa walipokuja kumpa Benta pole walisema ni shetani, amekasirishwa na ule ushuhuda. Kaleli alikuwa ameketi papo hapo, kikombe cha chai mkononi, akanyamaza. Aibu gani hiyo! Shetani akabebeshwa mzigo usio wake, na cherehani ya Benta ikakaa imefunikwa shuka, naye Kaleli akiiona kila akipita mlangoni.

Wiki ya saba alirudi kwa Nelima. Akaketishwa kwenye gari lililozimwa, na kila Nelima alipopiga makofi bila kumwonya, akakanyaga breki. Mara kumi. Mguu ulitii na nyonga haikuuma. Nelima akamwambia yuko tayari, aanze na safari fupi za mchana. Kaleli alitaka kufurahi, akashindwa. Wiki tatu tu, jamani. Angengoja wiki tatu tu.

Siku ya Benta kwenda kukaguliwa mkono, ni Kaleli aliyejitolea kumpeleka. Benta akafungua mlango wa mbele kwa mkono wa kushoto, akaketi. Kaleli hakuwasha gari.

"Mama Mitchell," akasema, "daktari hakuwa ameniruhusu. Nilijua mguu hauko sawa, na bado nikakubeba."

Benta aliitazama plasta yake.

"Baba Janice, siku ile nilikuona ukiuinua mguu kwa mikono miwili ndio uingie garini. Niliogopa. Nikajiambia, huyu Mungu amemponya mbele yetu sote, mimi ni nani nimshuku?"

Afadhali angemtukana. Kaleli akaanza kuomba msamaha. Benta akashuka, akahamia kiti cha nyuma, akahangaika na mkanda mpaka ukafunga. Kisha akamwambia waende, wanachelewa.

Jumapili Kaleli alisimama tena mbele ya watu akasema yote, tangu zile hatua tisa mpaka tuktuk, na kwamba shetani hakuwemo garini. Hakuna aliyesema amina. Akavuta kiti apande alishushe gongo, lakini kiti kilicheza, naye akaogopa. Viatu vikasikika vikija kutoka nyuma ya kanisa. Benta akakishika kiti kwa mkono wake mzima.

"Panda," akasema. "Polepole."