Glasi Aliyoikataa Shemeji

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na wateja wanazijua hasira zake kama wanavyoujua mlango wake. Ukimpelekea kitambaa kifupi ukataka gauni refu, atakuuliza kama na wewe ulizaliwa kwa viraka. Hulainika kwa mama yake tu. Bibi alipoanza kukataa chakula, kila kitu kikimkwaruza koo, kilichoshuka bila ugomvi kilikuwa sharubati ya asumini mwitu, ile inayotambaa kwenye ukuta wa ghala lililofungwa, mtaa wa nyuma. Basi Shangazi akawa mchuma maua.

Alikuwa na sheria moja: maua hayaoshwi. Yakioshwa, alisema, harufu inakwenda na maji, unabaki na takataka. Aliyachuma asubuhi umande ukishakauka, akayatikisa juu ya gazeti wadudu wadondoke, akayatumbukiza kwenye maji ya sukari yaliyopoa kiasi cha kuvumilika kwa kidole, akakamulia ndimu, akafunika kwa kitambaa mpaka kesho yake. Niliwahi kumwambia, kwa sauti yangu hii ya kuomba radhi, kwamba kusuuza kidogo hakudhuru. Akaniuliza chuoni nilisomea vitabu au kufua.

Jumamosi moja shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alipita kunywa chai. Tunamwita Pampu, maana kazi yake ni kubeba pampu ya dawa mgongoni na kuua magugu ya manispaa. Alikaa jikoni, sufuria ya maua mbele ya macho yake, akaisifu chai, akaaga.

Kesho yake akarudi. Shangazi alikuwa ameshachuja sharubati. Akamimina glasi ya kwanza ya mgeni, ya pili ya Bibi. Pampu akasema tumbo limejaa. Pampu huyu, ambaye hajawahi kukataa hata ukoko. Shangazi akamtazama, yeye alikuwa anaitazama glasi ya Bibi, iliyokuwa inakaribia mdomo.

Shangazi aliipokonya kwa nguvu hadi ikamlowesha Bibi kifuani.

"Shemeji, ule ukuta umeupulizia?"

Pampu alijibu akiangalia viatu vyake. Ijumaa jioni. Majani huchukua siku kadhaa kunyauka, ndiyo maana hayakuonyesha kitu. Alitaka kusema jana, ila alipokuta maua yameshaingia sufuriani, ulimi ukawa mzito.

"Nilijua utafoka," alisema.

"Kwa hiyo ukaona heri mama afe kuliko mimi nifoke."

Hakupaza sauti. Mimi ndiye niliyetamani kupaza, na nilikuwa nimeung'ang'ania ukingo wa meza mpaka vidole vikaniuma. Pampu akaanza kueleza kwamba dawa ile ni ya magugu, mtu haimfanyi kitu. Shangazi akamsogezea glasi yake, ile iliyojaa.

"Basi kunywa."

Hakunywa.

Shangazi akachukua jembe nyuma ya mlango, akampa, akamwonyesha uani. Pampu alichimba akiwa na viatu vyake vya kutembelea, jasho likilowesha shati alilopiga pasi. Shangazi alisimama juu ya shimo na sufuria ya sharubati mikononi, jinsi mtu anavyombeba mtoto aliyemchafua.

Ndani, Bibi aliuliza kwa sauti ndogo sasa yeye atakunywa nini. Pampu akasita, jembe likiwa hewani.

"Bado," Shangazi akamwambia. "Chimba."