Ndege ya Gogo Moja

Mwololo Nzomo alichonga swala kwa miaka ishirini na tatu, na kama hesabu ya mkewe ni ya kuaminika, walifika elfu tisa kabla hajachoka kuwatazama. Swala aliyelala, swala aliyesimama, swala aliyegeuza shingo kama aliyeitwa kwa jina. Alianza kuwachonga kwao Wamunyu akiwa kijana, akaja na ujuzi wake Kitengela mwaka wa 1992, akajenga kibanda cha mabati kando ya barabara ya Namanga, mahali ambapo vumbi la machimbo ya mawe humfikia mtu kabla ya salamu. Kila Ijumaa mchuuzi mmoja alikuja na gari, akawatia swala kwenye magunia, akaondoka nao kwenda kuwauzia watalii. Waliishia wapi, Mwololo hakujua. Hakuna hata mmoja aliyebeba jina lake.

Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali. Mtaani walimwita Swala. Hata mchungaji, alipomsimamisha kanisani awasalimu watu, alisema huyu ni ndugu yetu Swala, na washarika wakaitikia bila kucheka, kwa sababu wengi wao walidhani ndilo jina alilobatizwa. Mwololo alitabasamu pamoja nao. Alipofika nyumbani alimwambia Munyiva, mkewe, kwamba kabla hajazikwa atatengeneza kitu kimoja ambacho kila atakayekiona atauliza ni nani aliyekifanya, na chini yake pawe pameandikwa Mwololo. Munyiva alimjibu kwamba yeye binafsi angependa kianze kuwa mlango wa choo.

Lakini mlango ni kazi ya seremala, na Mwololo hakutaka kusikia habari za maseremala. Babake alimfundisha kwamba mchongaji wa kweli huanza na gogo moja na kumaliza na gogo lile lile. Kitu kimo ndani tayari, wewe kazi yako ni kuondoa kisichohitajika. Misumari na gundi ni za watu waliokosa subira. Mwololo aliishika amri hiyo kuliko zile kumi. Mwaka wa 1996 sikio la kifaru wake lilikatika siku ya mwisho ya kazi, na badala ya kulibandika alimchoma kifaru mzima.

Mwaka wa 2001 ndipo Muhumed alipomwita. Muhumed alikuwa na duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Alikuwa Msomali aliyezaliwa Wajir, mpole, mwenye maneno machache isipokuwa wakati wa kumtania Mwololo. Siku hiyo hakutania. Alitoa picha ya zamani iliyofifia, ya kijana mwembamba aliyesimama kando ya ndege ya mabawa mawili, moja juu na moja chini, zile za enzi za mkoloni. Kijana huyo alikuwa marehemu babake, Abdiladif, ambaye ngamia wake ndio waliobeba mafuta ya ndege hiyo ilipokuwa ikitua huko kwao. Mamake Muhumed, Fartun, alikuwa hai na aliishi nyuma ya duka. Mtaa mzima, Mkamba, Mmaasai na Mkikuyu, ulimwita Ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu na picha haikumfaa tena. Muhumed alitaka kitu ambacho mamake angekishika.

"Nimeuliza maseremala wawili," alisema. "Wote wamekataa."

Hapo Mwololo akakubali kabla hajaulizwa. Alirudi kibandani akitembea kama mtu aliyechaguliwa diwani. Hii ndiyo kazi, alimwambia Munyiva, hii ndiyo itakayobeba jina. Kwa vipimo alimtumia yule kijana wa kwenye picha. Akaamua kwamba mtu akiwa na urefu wa kidole cha kati, basi bawa ni vidole sita, na kutoka bawa la chini hadi la juu ni kidole kimoja kasoro kidogo. Pua, gurudumu, mkia, vyote akavipima kwa kidole hicho mpaka kikaota sugu. Kwenye bawa la chini la kushoto palikuwa na doa, akaona ni uchafu wa picha, akaliacha.

Sasa, mtu yeyote asiye mchongaji angeona tatizo pale pale. Mabawa mawili yanashikana kwa vijiti vilivyosimama wima. Ukilaza mabawa kufuata nyuzi za mti, vile vijiti vinakwenda kinyume cha nyuzi, na kijiti chembamba cha namna hiyo hukatika ukikitazama vibaya. Kwa Mwololo tatizo halikuwa kwamba haiwezekani kuchonga ndege kutoka gogo moja. Tatizo lilikuwa gogo.

Ndege ya kwanza ilivunjika mwezi wa tatu, vijiti vinne kwa mpigo. Ya pili ilifika mwezi wa tano. Ya tatu ilikamilika kabisa isipokuwa kijiti kimoja, na hicho kimoja kilikatika wakati Mwololo akiipuliza vumbi. Munyiva aliokota mabawa, akayapanga jikoni, akawasha moto. Jioni jirani akimuuliza amepika nini alisema amepika muthokoi, mahindi yale ya kukoboa, kwa ndege, na kwamba mti wa ndege unaivisha haraka kuliko makaa. Habari zikavuka barabara. Muhumed akawa anamwuliza Mwololo kila asubuhi kama jana kulipikwa.

Aliyemwokoa alikuwa Parmuat, rafiki yake Mmaasai kutoka upande wa Kajiado, aliyekuwa akimletea magogo. Mwololo alimweleza anachotafuta, na baada ya wiki mbili Parmuat akashuka na shina la oloirien, ule mzeituni wa porini, lililokulia kwenye mwamba hadi nyuzi zake zikasokotana kila upande. Zito, gumu, la kuvunja shoka. Mwololo alilikalia miezi minane. Swala walipungua, mchuuzi akanung'unika, Munyiva akaanza kuuza mboga. Mwanzoni mwa mwaka wa 2003 ndege ikatoka nzima ndani ya shina, vijiti vyote vimesimama, na hakuna tone la gundi. Akaipaka rangi ya viatu ya kahawia, kama wachongaji wanavyofanya, akaisugua kwa kitambaa mpaka akauona uso wake ndani yake. Jina hakuliandika bado. Alitaka kuliandika pale pale, mbele ya watu, mwenye kazi akisharidhika.

Alivuka barabara amevaa koti la kanisani. Ayeeyo alikuwa ameketi kwenye mkeka nyuma ya duka, mama mzee wa miaka themanini na kitu, hina kwenye vidole. Muhumed akaiweka ndege mapajani mwake. Ikamlemea. Vidole vikatembea juu ya bawa, vikashuka kwenye vijiti, vikarudi, vikatafuta kitu kati ya mabawa, vikakosa. Akaipiga kwa ukucha, ikalia ko.

"Hii ni kiti," alisema Ayeeyo.

Muhumed alikohoa. Mwololo alieleza, kwa heshima, kwamba ni ndege, ya gogo moja, na kwamba hakuna fundi mwingine kutoka Athi River hadi Namanga angeweza kuitoa hivyo. Ayeeyo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba ni kiti kizuri sana, na yeye angekikalia, lakini ndege haikuwa hivyo. Ndege ilikuwa nyepesi. Ndege ilikuwa imefungwafungwa, na upepo ukipita kwenye kamba zake ilikuwa ikilia yenyewe hata ikiwa imesimama.

Picha haikuonyesha kamba yoyote. Mwololo alichukua kazi yake, akarudi, akavua koti. Aliumia, na tusimcheke hapo. Miaka miwili ya maisha yake ilikuwa imeitwa kiti na mtu asiyeona. Wiki tatu alichonga swala bila kuinua kichwa, na kila swala aliyemaliza alimtazama vibaya. Munyiva alimvumilia hadi wiki ya nne. Akatua karai la mboga, akasema:

"Yeye hakusema hujui kazi. Wewe hukumuuliza. Umeuliza picha, umeuliza mti, umeuliza Parmuat. Mwenye kuiona hukumuuliza."

Mwololo akavuka barabara bila koti.

Ayeeyo hakushangaa kumwona. Alimwambia akae, na swali la kwanza alilomuuliza ni kama amewahi kujenga nyumba. Mwololo akasema nyumba hujengwa na seremala. Ayeeyo akacheka mpaka akashika kifua. Kwao, alisema, nyumba hujengwa na mwanamke, na ikifika siku ya kuhama anaifungua, anaipakia juu ya ngamia, anaijenga tena mahali pengine kabla chai haijachemka. Aqal wanaiita. Ni fito zilizopindwa na kamba na mikeka, hakuna msumari hata mmoja. Na hiyo ndege, siku alipoingia chini ya bawa lake akiwa msichana wa miaka kumi na tatu hivi, aliitazama kwa ndani akaona ni aqal ya mzungu. Fito, kitambaa na kamba. Aliwaambia wanawake wenzake isiwatishe.

Basi fundi wa Wamunyu akaanza darasa la kwanza akiwa na miaka arobaini na tatu. Parmuat alileta fito za oleleshwa, kile kichaka cha nyikani, akazipasua nyembamba kama njiti za kibiriti. Ayeeyo alimfundisha Mwololo kuziloweka, kuzipitisha juu ya makaa, kuzipinda polepole kwa dole gumba ili ncha za mabawa ziwe na ule mviringo wake. Alipofika kwenye kufunga, aibu ilikuwa kubwa. Mikono iliyotoa ndege nzima ndani ya jiwe la mti haikuweza kufunga fundo dogo likakaa. Ayeeyo alifungua kila fundo lake kwa ukucha, akafunga upya bila kuangalia, kwa kuwa hata angeangalia asingeona. Alimwambia anafunga kama mtu anayefunga mbuzi wa jirani. Ndani ya miezi minne Mwololo alifunga mafundo mia mbili hivi, na yaliyobaki yake ni kumi na moja. Propela peke yake aliichonga kutoka kipande kimoja, bila kusaidiwa, na siku hiyo alipiga mluzi hadi nyumbani.

Rangi nayo ilikuwa na fitina zake. Mchongaji husugua rangi, hapaki kwa brashi. Mwololo alinunua rangi ya fedha, ile ya kupaka matangi ya maji, kwa sababu Ayeeyo alikumbuka kwamba ndege iling'aa mpaka ngamia wakakimbia siku mbili. Akaichovya brashi aliyoitengeneza kwa nywele za mkia wa ndama wa Parmuat, akalipaka bawa moja, lililokwisha kuvikwa kitambaa, kwa moyo wote. Kitambaa kikalowa, kikalegea, kikaning'inia kama soksi. Ikabidi wavue, wavike kitambaa kipya, wakipake kwanza uji mwepesi wa unga wa ngano, kikauke juani mpaka kikazane kama ngoma, ndipo ipite rangi, nyembamba, mara tatu. Ubavuni, nyuma ya mdomo wa injini, Ayeeyo alitaka masizi. Mwololo akasema ni makosa kuchafua kitu kipya. Ayeeyo akasema haikuwa mpya. Masizi yakawekwa, kutoka kwenye sufuria ya Munyiva.

Walipofika bawa la chini la kushoto, Ayeeyo aliomba sindano.

Akaeleza akiwa anashona. Ndege ilipotua, mwiba wa mgunga ulipasua kitambaa cha bawa, na mzungu aliyeirusha alikaa chini akashika kichwa. Wakaitwa wanawake wenye sindano za aqal. Yeye alikuwa mdogo kuliko wote, vidole vyake ndivyo vilivyoingia mahali palipokuwa pembamba. Yule kijana wa ngamia wa mafuta aliambiwa alale chini ya bawa ashike kitambaa kwa chini kisilegee, na kila sindano ilipopita, alikuwa anairudisha kutoka upande wa pili. Hawakuonana nyuso mpaka kazi ikaisha. Hiyo ndiyo siku aliyomjua Abdiladif, na ndege ikaruka na kiraka chao.

Mwololo alitoa ile picha. Doa lilikuwa pale pale, ukubwa wa ukucha. Alilitazama kwa aibu, kwa sababu alikuwa amelipita miaka miwili akipima gurudumu.

Ndege ilikamilika mwezi wa Oktoba. Ukiipuliza kati ya mabawa, nyuzi zilitoa sauti ndogo, na Muhumed, mtu mzima mwenye duka, alipuliza mara nne. Ayeeyo aliiinua kwa mkono mmoja, akaitikisa kidogo, akapitisha kidole kwenye kiraka, akakaa nacho hapo. Baadaye akamrudishia Mwololo. Alisema anajua fundi alitaka kuandika jina lake, Munyiva amemwambia, na aandike sasa.

Mwololo alikuwa amelifanyia mazoezi jina hilo. Alikuwa na brashi ya nywele tatu na rangi nyeusi kwenye kifuniko cha chupa. Akaigeuza ndege, akalitafuta tumbo lake, mahali pasipo na fito. Alitazama mafundo, yale mia na tisini hivi ya Ayeeyo, na mishono ya kiraka, midogo kuliko ile ambayo mwenye macho angeweza kushona. Kisha akaandika, taratibu, herufi moja moja, na kuipuliza rangi ikauke. Muhumed aliinama juu ya bega lake, akasoma jina la mamake: FARTUN.

"Umeandika jina yako?" aliuliza Ayeeyo.

"Nimeandika, mama."

Ayeeyo hakumwamini mtu yeyote wa Wamunyu kwa jambo lolote lisilo la mti. Aligeuza uso upande ambao mwanawe alikuwa akipumua, akamuuliza kama ni kweli.

Muhumed alimtazama Mwololo, na Mwololo alikuwa akiifuta brashi kwenye suruali yake nzuri.

"Ni kweli, hooyo," Muhumed alimwambia mamake. "Jina la fundi liko hapa."