Nywele za Nyanjige zilizonyolewa bure

Nyanjige, tumekuzika jana hapa Bweri, na leo nimefungua simu kuangalia kama uko online.

Wanaonijua wanajua siongeagi. Hata darasani wewe ndiye uliyekuwa unaninyooshea mkono: "Madam, huyu ana swali!" Leo naandika mwenyewe.

Kichwa kilipoanza kukuuma tulidhani ni mitihani ya Form Four. Halafu ukaanguka kwa degedege kule Mwigobero, kwenye meza ya dagaa ya mama yako. Kipimo kikaonyesha mishipa ya damu kwenye ubongo imejisokota vibaya na inaweza kupasuka.

Mkaambiwa muende Dar ikazibwe. Mama yako aliposikia neno ubongo, akachukua wembe. Nywele ulizoanza kufuga baada ya shule, zote chini!

Kumbe hawapasui kichwa. Ulinipigia kutoka wodini unacheka: "We! Wameingilia pajani! Kamrija kembamba kamepanda mpaka kichwani, kakamwaga gundi ya kuziba. Kipara changu hakuna hata aliyekiangalia!"

Nikamsikia mama yako nyuma: "Nyamaza wewe, zitaota."

Waliziba sehemu kubwa. Iliyobaki ulitakiwa urudi wakaimalizie.

Ukawa unakuja kwetu na bodaboda, unapima nywele zako kwa vidole. "Vimefika viwili. Vikifika vinne tunasuka wote."

Wiki hii mshipa uliobaki umepasuka, kabla tarehe yako haijafika.

Jana msibani nikasikia mtu anasema, "Ile gundi ndiyo imemuua." Mbele yangu alikaa jirani yetu, Mama Rhobi. Binti yake Rhobi ana tatizo kama lako, na wanatakiwa kusafiri wiki ijayo. Nikamwona anainama.

Nikasimama. Mimi!

"Siyo gundi. Umepasuka mshipa ambao walikuwa hawajauziba."

Halafu mama yako akasema, "Mwacheni aseme. Hata daktari ameniambia hivyo hivyo."

Asubuhi Mama Rhobi amekuja kwetu, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, tunaenda. Sasa Rhobi nimnyoe?"

"Hapana mama, usimnyoe. Wanaingilia pajani."

Akacheka, kisha akalia. Na mimi hivyo hivyo.

Pumzika, rafiki yangu. Rhobi anasafiri na nywele zake zote.