Verediana na Paka Aliyetakiwa na Akida

Mwaka wa tatu baada ya vita vya Maji Maji, Verediana alikuwa na vitu viwili ambavyo majirani zake wa kando ya Ifakara walimwonea wivu: kihenge kilichojaa mpunga, na paka. Mumewe alikwenda vitani akiwa amenyunyiziwa maji na hakurudi. Njaa iliyofuata ilimwachia mifupa na ulimi mkali. Alipoanza tena kulima, panya nao walianza tena kula, ndipo akampata paka jike mwenye mimba kwa mchuuzi mmoja wa Kilosa, akimlipa mikeka miwili.

Paka yule alizaa watoto wanne, lakini bonde la Kilombero halina huruma na kiumbe kidogo chenye manyoya. Wa kwanza alinyakuliwa na tai uani, mchana kweupe, Verediana akiwa na mchi mkononi. Wa pili alifuata harufu ya samaki mpaka ukingoni mwa mto, mamba akamfuta kama aliyekuwa hajazaliwa. Mama yao na wa tatu walimezwa na chatu mpungani, kwa zamu, siku mbili zikiwa zimepita katikati. Akabaki dume mmoja, mwenye sharubu ndefu na tumbo kubwa. Verediana akamwita Ombasha, kile cheo cha askari wa Mjerumani, kwa kuwa alikula bila kulima na alimtazama kila mtu kama mkosaji.

Tangu hapo Ombasha hakukanyaga chini ovyo. Alikwenda shamba ndani ya tenga lenye kifuniko, juu ya kichwa cha Verediana, huku wanawake wakiangua vicheko njia nzima.

"Chekeni tu," aliwajibu. "Panya wangu wameacha kucheka."

Masika ile alitokea adui mpya. Kanu mwenye madoa, mnyama wa porini anayefanana na paka, alianza kuzunguka nyumba, akaiba kuku wawili, kisha akamrarua Ombasha sikio. Verediana akachukua mgono wa kuvulia samaki, akaweka ndani kichwa cha kambale na kuutega nyuma ya jiko. Alfajiri akamkuta kanu amenasa, anatema mate kwa hasira. Alikuwa bado anatafuta rungu la kummalizia aliposikia hodi.

Alikuwa Kasmiri, tarishi wa akida, kijana wa Kindamba aliyekulia kijiji cha jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mapema hivi, kuna nini?"

Kasmiri alikohoa. "Akida anamtaka paka wako. Panya wanamaliza mpunga wa askari ghalani, na bwana mkubwa wa Mahenge, yule Mjerumani, anakuja kukagua. Amesema leo hii, na bila maneno."

Kumnyima akida kulikuwa na jina lake, hamsa ishirini, na viboko hivyo havikuchagua mwanamke wala mzee. Verediana alimtazama Kasmiri, akatazama kule nyuma ya jiko, kisha uso wake ukalainika ghafla.

"Nani amkatalie akida? Kaa unywe togwa, nimwandae mgeni wake."

Ndani akamfunika Ombasha kwenye chungu kikubwa, ungo juu, jiwe juu ya ungo. Kisha akaenda nyuma, akaukutanisha mdomo wa mgono na mdomo wa tenga, akagonga mgono kwa kijiti mpaka kanu akahamia. Akafunga kifuniko kwa kamba ya ukindu, mafundo manane.

Tenga lilitoka likitikisika lenyewe.

"Mbona anaguruma hivyo?" Kasmiri aliuliza.

"Hapendi kazi ya serikali."

Mkia ukachomoza kwenye tundu la tenga, mrefu, wenye pete nyeusi na nyeupe. Kasmiri aliutazama. Alikuwa amezaliwa bondeni na alimjua kanu tangu hajaota meno. Wiki iliyopita tu akida alikuwa amemzaba vibao mbele za watu kwa sababu ya chai iliyopoa. Akausukuma mkia ndani taratibu kwa kidole.

"Mama, mimi nimetumwa kuleta tenga," akasema. "Kilichomo sijaulizwa."

Akida aliamuru tenga lifunguliwe ndani ya ghala, mlango umefungwa, na watu wakaona kitu kama mshale kikipanda darini. Baada ya siku kumi panya walikuwa wametoweka. Bwana mkubwa alikuja, akakagua, akasifu, na akida akajigamba sana juu ya paka wake. Kisha njiwa wa akida, aliowaleta mwenyewe kutoka pwani, wakaanza kupungua, na Verediana akaitwa.

Alikwenda mara moja.

"Huyu ni paka gani?" akida alinguruma. "Manyoya ya njiwa wangu yamejaa ghalani! Nimeuona mkia wake!"

"Panya wapo, bwana?"

"Hawapo."

"Basi paka anafanya kazi. Wa huku kwetu wanakulia nje, bwana. Tai juu, mamba chini, chatu katikati. Anayenusurika hapo lazima awe mkali kidogo, na mkia humwota kwa ajili ya kukimbia."

Nyuma ya akida, Kasmiri alikuwa ameukazia macho mwembe kama anahesabu majani. Akida aligeuka kulitazama ghala. Kusema kweli kungekuwa kukiri kwamba alimwonyesha Mjerumani mnyama wa porini na kumwita paka.

"Nenda zako," akasema hatimaye.

Verediana alifika njia panda ndipo akakaa chini, akacheka mpaka akashika mbavu, akalia kidogo, akacheka tena. Siku nne baadaye Kasmiri alimkuta anapalilia.

"Shikamoo, mama. Akida ameshawahamisha njiwa. Anauliza kama unaweza kumpatia na jike."