Risasi Nyembamba na Bismillahi ya Kunong'ona

Mume wangu hana sauti ndogo. Ameadhini tangu ujana wake Tanga, na hata akiomba chumvi mezani, jirani wa nyumba ya pili anajua kwamba mchuzi wangu haukukolea. Msikitini sifa hiyo ni nzuri. Porini ni balaa. Kwetu sisi, mwindaji hulitaja jina la Mungu wakati anafyatua ndipo nyama ifae kuliwa, na yeye miaka yote alilitaja kama anaita watu waje kuswali. Kulungu wa huko kaskazini mwa Toronto wamesikia Bismillahi nyingi sana, na wengi wao wako hai mpaka leo kwa ajili hiyo.

Mimi si mwindaji. Kazi yangu ni kuendesha gari, kubeba chupa ya chai na kunung'unika. Nilianza kufuatana naye baada ya bega lake kupasuliwa, kwa sababu nilijua akiachwa peke yake atabeba vitu alivyokatazwa kubeba.

Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji alikwenda na ile bunduki yake kubwa, ambayo hupiga teke kama punda. Bega lilikumbuka maumivu kabla ya kidole kufyatua. Akafumba macho, risasi ikaenda ilikotaka, na kulungu akakimbia akivuja damu. Tulimtafuta mpaka giza likaingia, na asubuhi tukarudi tukamtafuta tena. Hatukumpata. Nilipoendesha kurudi nyumbani Thornhill, mume wangu hakufumba jicho njia nzima. Chakula cha usiku alikisukuma pembeni.

"Mama," akaniambia, "nikimtesa mwingine nikampoteza, bunduki zote nauza. Sitawinda tena."

Mtu angedhani ningefurahi. Friza langu lingepumua, na Jumamosi zangu zingerudi mikononi mwangu. Lakini nilimwona majira yale ya baridi. Alikwisha kustaafu dukani, bega linauma, na kila asubuhi alikuwa anakaa mbele ya televisheni na pajama zake mpaka adhuhuri. Alikuwa anazeeka mbele ya macho yangu, nami niliogopa. Kelele zake zilikuwa zimenichosha kwa miaka, na sasa nyumba ilipokuwa kimya nilizitamani.

Daktari ndiye aliyemwambia, nusu kwa utani, kwamba akitaka kuwinda basi atafute bunduki isiyopiga teke. Mzee wangu akachukua utani ule kama dawa iliyoandikwa. Baada ya miezi ya kuulizauliza akapata bunduki fupi ya kizamani, ile ya kukoki kwa kusukuma chuma kilicho chini ya mkono. Risasi zake zilikuwa ndogo za kuchekesha, nyembamba kama kidole cha mwisho cha mtoto. Madukani haziuzwi ovyo siku hizi. Ikabidi awe anaokota maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika na kuyajaza upya mwenyewe kule chini ya nyumba, juu ya kibao changu cha kusukumia chapati. Nilipiga kelele kuhusu kibao kile, lakini moyoni nilikuwa namshukuru Mungu kwamba pajama zimevuliwa.

Pale kwenye maegesho ya magari baada ya swala, wenzake walimmaliza.

"Bhai, ndugu yangu, hiyo ni ya kulungu au ya panya wa jikoni?" mmoja akauliza.

"Atamuua kwa kicheko," akasema mwingine.

Binti yetu, ambaye anasikia Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza, aliiweka risasi moja kiganjani akaitazama. "Baba, seriously?" akasema.

"Usione wembamba wa reli," mume wangu akamjibu, "gari moshi hupita."

Lakini usiku aliniambia ukweli. Risasi ile huua vizuri mnyama akiwa karibu na ukimpiga panapostahili. Akiwa mbali, inajeruhi tu. Kwa hiyo itabidi angoje mpaka kulungu aje karibu kabisa, na asiyekuja karibu amwache aende zake. "Na mimi sina subira," akasema.

"Na sauti pia huna," nikamwambia. "Kulungu akiwa karibu hivyo, ukipaza Bismillahi yako atakimbia mpaka mji wa Barrie. Mwaka huu utanong'ona."

Novemba ilipofika tukaenda kwenye shamba la mzee mmoja anayemruhusu kuwinda. Tulikaa chini ya msonobari, mimi nyuma ya bega lake lisilouma, sote na vizibao vya rangi ya chungwa kama wafagiaji wa barabara. Baridi ilikuwa inauma masikio.

Kwanza alipita dume kubwa, pembe zake kama tawi la mti, mbali kule kwenye ukingo wa shamba. Lilisimama na kututolea ubavu wote. Nikaona mikono ya mume wangu ikikazana. Halafu akaishusha bunduki na kuiweka magotini. Dume likaondoka taratibu, na yeye akalisindikiza kwa macho tu. Nilikuwa nimeolewa naye miaka mingi bila kujua kwamba anaweza kuacha kitu anachokitaka.

Baadaye sana likaja dume dogo, linakula huku linatukaribia, mpaka nikasikia linavyotafuna. Mume wangu akainua bunduki. Ikalia mlio mdogo, kama mtu aliyefunga mlango kwa hasira. Kulungu akaruka, akakimbilia kwenye kichaka, na kukawa kimya.

"Nimempiga?" akaniuliza.

"Sijui."

"Tukae kwanza. Mwenye jeraha ukimfukuza anakwenda mbali."

Nikammiminia chai ya tangawizi. Akainywa huku macho yake yako kichakani. Wote wawili tulikuwa tunamwona yule kulungu wa mwaka jana.

Tulipokwenda pale aliposimama kulungu hatukukuta damu. Hata tone. Mume wangu akapiga magoti akageuza majani, jani moja moja. Uso wake ukawa ule ule wa njia ya kurudi nyumbani. "Basi," akasema, "ndiyo imekwisha." Nami, mwanamke ambaye kila mwaka hulalamikia uwindaji, nilikuwa nasoma salawati chini chini, namwomba Mungu atupatie mnyama yule.

Nikaingia kichakani nikamwacha amepiga magoti. Nyuma ya gogo lililoanguka, si mbali hata kidogo, nikaona tumbo jeupe.

"Yuko hapa!" Nilipiga ukelele ambao hata yeye hangeweza kuupiga.

Alikuwa amekwisha kufa. Tundu lilikuwa nyuma ya mguu wa mbele, dogo kama la kifungo, na risasi ilikuwa imebaki ndani. Ndiyo maana hakukuwa na damu. Mume wangu akaweka mkono kwenye shingo ile yenye joto, akacheka, akafuta macho. Halafu ghafla kicheko kikakatika.

"Nilisema?" akauliza.

"Ulisema nini?"

"Bismillahi. Uliniambia ninong'one. Sikujisikia mwenyewe. Mama, nilisema, au nilisahau?"

Najua kwamba aliyesahau husamehewa. Lakini mume wangu namjua, hajisamehe. Angeitazama nyama ile kwenye sahani kama alivyokitazama chakula cha mwaka jana.

Na mimi sikuisikia. Masikio yangu yalikuwa ndani ya kofia mbili. Lakini nilikuwa nyuma ya bega lake, nautazama kwa upande uso wake uliolazwa kwenye bunduki, na katika baridi ile pumzi ya mtu huonekana.

"Ulisema," nikamwambia. "Midomo yako ilicheza, na mvuke ukatoka mdomoni, kabla bunduki haijalia. Niliuona."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akashusha pumzi ndefu, nyeupe, ikapanda mpaka kwenye matawi.

Aliporudi kuwa mtu alianza kupiga kelele tena: nishike mguu huu, si huo, kisu kiko wapi, nani aliweka chupa ya chai hapa. Nilimwacha apige. Kwenye gari alilala kabla hatujaifikia barabara kuu, mdomo wazi, akikoroma kwa sauti ile ile ya adhana, mpaka Thornhill. Sikumwamsha. Niliegesha mbele ya nyumba, nikaacha hita ikiwaka, nikakaa kumsikiliza.